Gari Linalojipima Lenyewe

Mimi sizipendi taa za dashibodi, na sijawahi kuzipenda. Katika miaka yangu yote ya ufundi pale Ujiji nimeziona zikidanganya kuliko watu. Taa ya oili inawaka na oili imejaa, taa ya mlango inawaka na mlango umefungwa, taa ya breki inawaka kwa sababu panya kaguguna waya. Mafundi wenzangu wengi dawa yao ni kipande cha utepe mweusi: unabandika juu ya taa, mteja anafurahi, mnaagana kwa heri. Kwa hiyo nikiwaambia kuna taa iliyonikalisha chini kwenye vumbi la gereji yangu mwenyewe, nimeshika kichwa, mjue sifanyi mzaha.

Gari lilikuwa la Nasri, mfanyabiashara wa dagaa na migebuka, mtu niliyecheza naye mpira wa makaratasi tangu utoto. Lilikuwa haibridi, yaani lina injini ya petroli kama magari mengine, lakini pia lina mota ya umeme na betri kubwa iliyolazwa nyuma ya kiti cha abiria. Alilinunua Dar es Salaam kwa sababu aliambiwa linakunywa mafuta kwa adabu, na kweli lilikuwa hivyo. Kilichowashinda watu ni ukimya wake. Unamwona Nasri anaingia, anafunga mlango, halafu gari linaondoka bila kunguruma, bila kutetemeka, linateleza tu mtaani na kuku wanashtuka likiwa limeshawafikia. Vijana wakalipa jina la jini. Nasri alicheka, mimi nikacheka, ila mama yake, Bi Dunia, hakucheka hata kidogo.

Hiyo ilikuwa 2015, mwaka ambao Warundi walianza kuvuka. Waliteremka milimani hadi Kagunga, kijiji cha wavuvi chenye ufukwe mwembamba uliobanwa kati ya mlima na maji, wakajaa mpaka hapakuwa na pa kuweka mguu. Kutoka kule hakuna barabara ya kueleweka, njia ni ziwa. Meli ikawa inawafuata na kuwaleta Kigoma mjini, wanapumzishwa kwenye uwanja wa mpira, kisha mabasi yanawapeleka kambini Nyarugusu, upande wa Kasulu. Mimi nimeona wakimbizi tangu ujana wangu, wa Kongo na wa Burundi, na bado sijazoea. Siku ya meli nilikuwa nafunga gereji nikaenda kutazama. Watu wanashuka, wanashuka, wanazidi kushuka, huyu na godoro, yule na kuku, yule na mtoto wa mwenzake, na hakuna anayemsukuma mtu. Nilikuwa nabaki nimeduwaa, nikirudi nyumbani siwezi kula.

Kijana mmoja Mrundi, Emmanueli, alikuja gereji siku mojawapo katika hizo. Alinisalimu kwa Kirundi, "Mwiriwe," akajisahihisha haraka akasema "Shikamoo, Mzee," akaniomba kazi. Alikuwa fundi Bujumbura, na magari kama la Nasri alisema ameyafungua mengi. Nilimpa kazi kwa sababu mikono yake ilikuwa na makovu ya kweli ya fundi, na kwa sababu sikuweza kumwangalia akisimama pale mlangoni. Baadaye ndipo aliponieleza habari zake. Alikuwa ametoroka uwanjani kabla ya basi la kambi kuondoka, kwa ajili ya mkewe, Elida, aliyekuwa mjamzito na tumbo limeshakuwa kubwa. Pale Kagunga, wakati wa kupanda mitumbwi inayopeleka watu melini, msongamano uliwatenganisha. Yeye alibebwa na watu mpaka mtumbwini. Elida alibaki.

"Nilimwona kwa macho yangu amebaki nchi kavu," aliniambia. "Kwa hiyo atakuja na meli nyingine. Nikiwa kambini nitamwonaje?"

Basi kila meli ilipofika alikuwa bandarini, anakagua nyuso. Kwa utaratibu alitakiwa awe kambini, na ukishaingia kambini kutoka si jambo la kuamua mwenyewe. Hilo alilijua, na mimi nililijua, na majirani pia. Nilimpa mkeka na kona ya stoo, nikawaambia majirani kwamba mwenye neno aje anieleze mimi. Wananifahamu, hakuna aliyekuja.

Wakati huohuo betri kubwa ya Nasri ikafa. Alipata nyingine Dar, iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali, ikaja kwa treni imefungwa kwenye boksi kama jokofu. Sisi wawili tukaifunga. Hapo ndipo nilipoanza kuliheshimu lile gari. Emmanueli alinivua saa na pete kabla hajaniruhusu kusogea. Akavaa glavu nene za mpira, akachomoa plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri, akaniambia sasa tukae tunywe chai, kwa sababu umeme uliobaki kwenye mitambo unahitaji muda wa kutulia. Mimi, fundi mzima, nikakaa nikanywa chai kwa amri ya kijana. Mle ndani mlikuwa na volti zaidi ya mia mbili, umeme wa kumtoa mtu roho kabla hajataja jina la Mungu wake, na zilikuwa zimelala nyuma ya kiti ambacho watoto wa Nasri walikuwa wanakalia wakienda shule.

Tulipomaliza, gari likawaka bila kasoro. Nasri akaondoka kimyakimya kama kawaida ya gari lake, kuku wakashtuka, tukapeana mikono.

Wiki haikuisha. Nasri alirudi akivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu, uso umemkunjamana. Kwenye dashibodi ilikuwa inawaka pembetatu nyekundu, na taa ya injini ya rangi ya chungwa, na maandishi yanayosema mfumo wa haibridi ukaguliwe. Alikuwa amezima gari nyumbani likiwa zima, na asubuhi lilikataa kuwaka. Tukalifungua milango, tukaliacha juani wakati tunakula, kisha Emmanueli akachomeka mashine ya kusomea gari chini ya usukani. Mashine ikasema kuna umeme unavuja kutoka kwenye mfumo mkubwa kwenda kwenye bodi. Tukafuta ule ujumbe, gari likawaka papo hapo. Nasri akafurahi. Mimi nikasema nilijua tu, taa ni waongo.

Emmanueli hakufurahi. Jioni ile, tukiwa tunapanga vyombo, alinieleza jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria nasisimka. Kwenye magari ya kawaida, alisema, bodi yenyewe ni sehemu ya njia ya umeme. Kwenye hili, umeme wa betri kubwa hauruhusiwi kugusa bodi hata kidogo. Na gari haliamini tu kwamba hali iko hivyo. Linajipima. Muda wote linapotembea, kompyuta yake inatuma umeme mdogo sana, mdogo usioweza kuusikia hata ukiugusa kwa ulimi, kwenda kuuliza kama kuna mahali pamevuja. Jibu likiwa baya linawasha taa. Na likishazimwa halikubali kuwaka tena, kwa sababu halitaki mtu aje kuligusa likamdhuru.

Nilimwuliza ni nani aliyekaa akafikiria hivyo. Alisema hamjui. Nikaliangalia lile gari lililopigwa vumbi, lenye harufu ya dagaa, nikahisi kama nimelivunjia heshima kwa kulisema vibaya. Miaka yote nimehudumia mashine, na hiyo ilikuwa ya kwanza iliyokuwa inatuhurumia sisi.

Lakini huruma hiyo ikawa inamtesa Nasri. Taa zilirudi. Tulizifuta, zikakaa kimya kidogo, zikarudi tena. Siku moja gari lilimkatalia kijijini Simbo, amesimama kidogo kusalimia mtu, na ndani amejaza migebuka mibichi kwenye barafu. Samaki wakaharibika wote. Alikuja gereji kwa bodaboda, akiwa na harufu yao nguoni, na maneno aliyoyatoa siyarudii yote. Alisema betri aliyoinunua ilikuwa nzima mpaka ilipopita mikononi mwa Mrundi. Alisema huenda vipande vizuri vilichomolewa na vibovu vikawekwa. Mimi damu ilinipanda, nikamwambia atoke gereji yangu, akatoka, ila aligeukia mlangoni.

"Ijumaa nakuja kuchukua gari langu," alisema. "Nikikuta taa ile inawaka, nakwenda kumtaja huyu mtu wako ofisi ya uhamiaji, wampandishe basi la kambi. Mimi na wewe tutabaki kuwa ndugu, lakini huyu ataondoka."

Meli ilikuwa inatarajiwa Jumamosi. Emmanueli alisikia yote akiwa ameshika spana, na alichofanya ni kuipangusa na kuirudisha mahali pake. Nilimwambia jambo hili ni jepesi, tunabandika utepe mweusi juu ya hizo taa, na hata hiyo kompyuta tutaitafutia njia ya kuidanganya, Nasri achukue gari lake, aende zake, wewe ubaki umsubiri mkeo. Nilisema kwa nia njema kabisa. Yeye alitikisa kichwa.

"Mzee Hamdani, taa ile ndiyo inatuzuia tusiue mtu," alisema. "Kuna watoto wanakaa pale nyuma."

Kijana ambaye taa ile ingemkosesha mkewe alikuwa anaitetea. Nilikasirika, kisha nikaona haya kwa kukasirika, kisha nikamwambia basi Alhamisi asubuhi tulifumue gari zima, hata kama litabaki mifupa.

Alhamisi tulianza jua linachomoza juu ya vilima. Plagi ya chungwa ilitoka, chai ikanywewa, safari hii bila amri. Tuliazima kipimo cha kupimia uvujaji wa umeme kwa jamaa mmoja anayefunga majenereta, na tukawa tunatenganisha sehemu moja baada ya nyingine. Nyaya nene za rangi ya chungwa zilikuwa salama. Mota ilikuwa salama. Kikompresa cha kiyoyozi kilikuwa salama. Kila kipimo kilipotoka kizuri mimi nilitabasamu, na yeye alizidi kunyong'onyea, mpaka nikaelewa. Kama kwingine kote ni salama, basi ubovu uko kwenye betri. Na kama uko kwenye betri, Nasri alikuwa na haki.

Tukapima betri. Sindano ya kipimo ikaanguka. Uvujaji ulikuwa pale.

Emmanueli alifungua kifuniko chake. Betri ile kwa ndani ni vibetri vingi vyembamba vilivyosimama kwa safu, vimekalia sinia la chuma. Kimoja kikipasuka hutoa majimaji yake na kuacha ukoko mweupe, na ukoko huo ndio alioutafuta, kimoja baada ya kingine, akiinua kwa mikono ya taratibu kama anayemgeuza mgonjwa. Hakukuwa na ukoko. Vyote vilikuwa vizima. Lakini chini yao, kwenye sinia, kulikuwa na doa la manjano lililokauka pembeni na bado lina unyevu katikati, limetambaa kutoka upande wa tundu la hewa. Aliligusa kwa karatasi, akaiangalia karatasi, akanipa. Katika miaka yake yote, alisema, hajawahi kuona betri inatoa kitu cha rangi hiyo.

Mimi niliinusa. Ndipo nilipokaa chini.

Ilikuwa harufu ya marashi ya waridi. Na ile manjano ilikuwa zafarani. Hakuna mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya Waislamu wa Ujiji asiyeijua harufu hiyo, kwa sababu ndiyo harufu ya kuumwa na kupendwa. Ukishikwa na homa, mwalimu anaandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, anaziosha kwa maji na marashi, na mama yako anakuinua shingo akunyweshe. Kombe, ndivyo tunavyoliita. Mimi nimenyweshwa mara nyingi kuliko dawa za hospitali.

Emmanueli alidhani nimepatwa na umeme, akaja kunishika. Nikamweleza kombe ni nini. Nilitegemea acheke, maana mimi mwenyewe nilikuwa karibu ama kucheka ama kulia. Yeye aliliangalia tena lile doa jembamba ambalo ungelipangusa kwa kidole, akaliangalia gari, akasema kwa sauti ya chini kwamba gari limelisikia. Maji yasiyojaza kikombe cha kahawa, yaliyojificha chini ya chuma na plastiki, na gari lilijua yapo, na lilikuwa linatuambia kila siku. Tulikaa pale wawili kwenye vumbi, Mwislamu wa Ujiji na Mkristo wa Bujumbura, tukiliangalia gari.

Kumwendea mama wa mtu na habari kama ile si kazi rahisi. Nilinawa, nikavaa shati safi, nikaenda nyumbani kwa Nasri nikijua yeye yuko Kibirizi, kwenye mwalo wanaposhushia samaki. Bi Dunia alikuwa anachambua mchele barazani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana afya za watu wote wa pande zote mbili. Kisha nikamwuliza, kwa mzunguko mrefu, kama kuna namna yoyote amekuwa akilisaidia gari la mwanawe.

Hakuficha. Alisema amekuwa akilinywesha. Alieleza kwamba siku moja alikaa kiti cha nyuma, na pembeni mwa kiti kuna kitundu, na ncha ya kanga yake ikavutwa na kile kitundu. Akaweka kiganja, akahisi gari linavuta pumzi. Ni feni ya kupoza betri, lakini angejuaje? Kitu kinachokwenda bila sauti na kinachovuta pumzi, alisema, si chombo cha kukipuuza, na sasa Nasri amekwenda kukitia moyo wa gari lililopata ajali, ambalo hajui ndani yake alikufa nani. Akaenda kwa mwalimu. Nusu ya kombe aliitia kwenye chai ya Nasri, nusu akalipa gari, pale linapovutia pumzi. Aliposikia taa zimewaka akajua ugonjwa ni mkubwa, akaongeza. Kila tulipofuta taa na gari likapona, alishukuru. Kila zilipowaka, alirudi kwa mwalimu.

Niwaambie ukweli, sikuona cha kuchekesha. Nilimwona mwanamke aliyeweka kiganja kwenye mashine akahisi iko hai, jambo ambalo mimi lilinichukua majuma kulikubali. Nilimweleza taratibu maji yanafanya nini kwenye umeme ule. Kisha nikamweleza kuhusu Ijumaa, na ofisi, na basi, na meli ya Jumamosi, na mwanamke mjamzito aliyebaki Kagunga. Aliuliza jina lake. Nikasema Elida. Akasukuma ungo pembeni, akajifunga kanga kiunoni, akatoka mbele yangu kuelekea gereji, na mimi na miguu yangu yote miwili nikawa nahangaika kumfuata.

Nasri alikuja alasiri kwa sababu mama yake alimwita kwa simu, na mama huyo haiti mara mbili. Alimkuta ameketi kwenye tairi, mbele ya betri yake iliyofumuliwa.

"Nasri, hakuna aliyekuibia," Bi Dunia alisema. "Ni mimi nililinywesha gari lako kombe. Mwombe radhi mtoto wa watu."

Nasri aliangalia doa, akaangalia karatasi ya manjano, akaniangalia mimi kama ninayeweza kumwokoa. Nilijifanya natafuta bisibisi. Mwisho alimwendea Emmanueli, akamshika mkono, akasema maneno ambayo kwa Nasri ni magumu kuliko kubeba gunia la dagaa mlimani. Emmanueli akasema yamekwisha. Kwa upande wake nadhani kweli yalikuwa yamekwisha, maana alikuwa ameshaanza kupangusa sinia.

Ijumaa tulikausha kila kitu, tukarudisha, tukapima. Sindano ya kipimo haikuanguka tena. Gari likawaka, na dashibodi ikawa tulivu. Emmanueli alisema bado linahitaji safari ndefu, lipande milima na kushuka, lizimwe na kuwashwa njiani, ndipo tuwe na uhakika. Nasri akasema atakwenda nalo Kasulu kesho yake. Bi Dunia, ambaye hakuna aliyemwomba ushauri, akasema basi ampeleke Emmanueli kambini akamwulizie mkewe.

Kijana alikataa. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akipandisha sauti. Alisema Elida yuko nyuma yake, hawezi kuwa mbele, na kesho meli inakuja, huenda ndiyo atakayoshuka nayo, na yeye akiingia kambini akazuiliwa atakuwa amempoteza mara ya pili kwa miguu yake mwenyewe.

"Ulimwona akibaki," Bi Dunia alimwambia. "Alivyoondoka hukuona."

Nilimwona Emmanueli akiyageuza maneno yale, na hofu yake ilikuwa wazi usoni, hofu ya kuwepo mahali pamoja wakati mtu wake yuko pengine. Basi nikasema nitasimama mimi bandarini. Nitasimama tangu mtu wa kwanza mpaka wa mwisho, na simwachi mwanamke yeyote apite bila kumwangalia. Kisha akaanza kunieleza Elida alivyo: mrefu, ana mwanya, kitenge cha kijani chenye ndege, na akiwa amechoka huegemea mguu wa kushoto. Alieleza mpaka nikahisi namfahamu. Nikakata ubavu wa boksi lililoleta betri, nikaandika ELIDA kwa rangi nyeusi, herufi kubwa za kusomeka kutoka mbali.

Jumamosi Nasri na Emmanueli waliondoka alfajiri bila sauti, na mimi nikaenda bandarini. Meli ilifika jua limepanda. Nimesema sijazoea, na siku ile ndiyo kabisa. Siku zote nilikuwa natazama umati. Siku ile, kwa kuwa natafuta uso mmoja, ilinibidi nione kila uso, na kila uso ulikuwa wa mtu. Bibi aliyebeba redio isiyo na betri. Baba aliyefunga watoto wake kwa kamba moja viunoni wasipotee. Wanawake warefu, wenye mwanya, wenye vitenge vya kijani, na kila mara moyo wangu unaruka na kurudi. Walikuwa wanalisoma lile boksi wakipita. Wengine walitikisa kichwa kwa huruma, wananisikitikia mimi. Nilijiuliza ni nani aliyewahi kuhesabu mambo haya yote, kwamba kila mmoja wa hawa ameachwa na mtu au amemwacha mtu, na bado wanashuka ngazi kwa zamu.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Nasri, lakini aliyepumua upande wa pili hakuwa Nasri.

Alikuwa Emmanueli. Maneno yakaja yote kwa pamoja, Kiswahili na Kirundi, na niliyapanga mwenyewe baadaye. Alasiri ileile walipotengana, wahudumu walipita ufukweni Kagunga wakichagua wajawazito na wagonjwa, wakawapakia kwenye boti ya kasi. Elida alikuwa Kigoma wakati meli ya mumewe bado inapakia watu. Alikuwa kambini kabla Emmanueli hajafika hata uwanjani. Wakati wote ambao kijana yule alisimama bandarini kila meli ilipofika, akikimbia basi la kambi kama kifo, mkewe alikuwa kule.

"Alikuwa ananisubiri kwenye mabasi, Mzee," aliniambia. "Kila basi linalotoka Kigoma anakwenda kusimama, anaangalia wanaoshuka. Aliniona mimi nimeshapanda, kwa hiyo alijua nitakuja na basi."

Mbele yangu watu walikuwa bado wanashuka. Nilifikiria wale wawili, huyu anaitazama milango ya meli, yule anaitazama milango ya mabasi, wote wana imani, wote wanangoja sawasawa. Kisha nikauliza kuhusu mtoto, kama amezaliwa.

Alisema amezaliwa, ni wa kike, ana nguvu. Nikauliza anaitwa nani.

"Hana jina," alisema. "Wanawake wote wa pale walimwambia ampe jina, akakataa. Alisema baba yake yuko njiani, atampa yeye."

Nikalishusha lile boksi. Nililia pale bandarini mbele za watu, mzee mzima wa Ujiji, na waliokuwa wanashuka na mizigo yao kichwani wakanipisha.